Shingo ya Kobe Haivutwi

Shingo ya kobe haivutwi, hungojwa.

Mliyasikia maneno hayo jana kwa mama yenu mdogo, mlipomzunguka yule binamu yenu aliyekuja kutoka mjini, kila mmoja akimuuliza lake, nanyi mmemsimamia kama askari wa kodi, mpaka mtoto wa watu akajifunika shuka gubigubi. Mama mdogo akawafukuza, nanyi mkaja kwangu mbio kuniuliza kobe anaingiaje hapo. Anaingia. Kaeni chini, tena mkae kweli, msichuchumae kama watu wanaotaka kuondoka, niwaeleze neno hili lilizaliwa wapi.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Somoe, mzaliwa wa milima ya Umatumbi, aliyeolewa bondeni, katika kijiji cha Nyamtembwe kando ya mto Rufiji. Mumewe aliitwa Matimbwa, msukaji wa migono, ile mitego ya fito ya kunasia samaki. Matimbwa alikuwa amefiwa na mke wake wa kwanza. Somoe naye alikuwa ameachwa na mume wake wa kwanza kwa sababu moja tu, kwamba hakuzaa. Matimbwa hakumuuliza habari za uzazi. Alimwambia kwamba ana mtoto mmoja wa kike, Sikudhani, aliyekuwa katika umri wa kung'oka meno ya mbele, na Somoe akaikubali ndoa ile kabla hata hajauliza nyumba ina vyumba vingapi. Nawaambia mapema ili msihangaike kutafuta: habari yote hii ni ya mwanamke aliyemtaka mtoto, na mtoto ambaye hakutaka kutakwa.

Si kwamba Sikudhani alikosa adabu. Asubuhi alimwamkia Somoe shikamoo, tena kwa kupiga goti, kisha akanyamaza mpaka kesho yake. Chakula kikipakuliwa, ghafla yeye alikuwa na shughuli nyuma ya nyumba. Somoe akimfuata na tonge mkononi, mtoto alikuwa akigeuza uso na kuulaza begani, akabaki kumtazama kwa jicho moja. Kufa njaa hakufa, maana kila kulipokucha Somoe alikuta ukoko umebanduliwa chunguni na chungu kimefunikwa vizuri kama kilivyoachwa. Mtoto alikula chakula cha mama yake wa kambo, ila hakutaka kuonekana akikila. Jambo hilo lilimuuma Somoe kuliko tusi.

Sasa watu wa Nyamtembwe walikuwa na desturi yao. Mwanamume aliyefiwa akioa tena, mke mpya alipewa muda mpaka mavuno ya mpunga. Mchele mpya ukipikwa, dada za mume walikuja wakaketi, na mama mpya akammegea mtoto tonge la kwanza mbele yao. Mtoto akilipokea na kulila, ni mwana wa nyumba ile. Asipolila, shangazi alimchukua akaenda kumlea mwenyewe, na hapakuwa na wa kulaumiwa. Dada mkubwa wa Matimbwa aliitwa Bi Siyawezi, akiishi mbali, kule mto unakogawanyika kabla ya kufika baharini. Ndiye aliyemwosha marehemu mama yake Sikudhani, na alimpenda mtoto yule. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo, ila hakuwa mtu wa kubahatisha.

Majirani walimpa Somoe ushauri wa bure, na ushauri wa bure mnaujua ulivyo. Mmoja akasema amshike mtoto kidevu, samaki mkunje angali mbichi. Mwingine akasema amlambishe asali. Wa tatu akasema amfungie chakula chote, akione cha mtema kuni, atakuja mwenyewe. Hilo la tatu Somoe hakulifanya, moyo wake haukumruhusu. Yale mengine aliyafanya, na mtoto akazidi kuulaza uso begani.

Basi siku moja Matimbwa akakuta katika mgono wake kitoto cha kobe wa majini, gamba lake halijazidi kisahani cha kikombe. Akampelekea binti yake. Sikudhani akacheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Somoe kukisikia kicheko chake, akaona wivu juu ya mnyama. Mtoto akatia maji katika beseni la bati, akaweka jiwe katikati, akamweka kobe wake humo.

Somoe akaona kwamba hapa ndipo pa kuingilia. Akimtunza kobe vizuri, mwenye kobe ataona, na mtoto akiona atalegea. Wazo halikuwa baya. Tatizo ni kwamba kobe ambaye Somoe alimjua ni kobe wa milimani. Kwao kobe ni wa nchi kavu, anakula uyoga na majani, maji anayapata mvua ikinyesha, na akishtuka huingiza kichwa ndani moja kwa moja kama mtu anayevaa shati. Huyu wa mtoni hakufanya hata moja katika hayo. Somoe alipomwinamia, kobe aliikunja shingo ubavuni, akaulaza uso chini ya ukingo wa gamba. Somoe akasema moyoni, huyu naye amenuna. Kwao, kumgeuzia uso mtu aliyekuletea chakula ni dharau kubwa.

Alipomtoa majini amtazame vizuri, kobe akatoa harufu mbaya. Hapo Somoe akakata shauri kwamba mnyama ameanza kuoza, na kinachomwozesha ni maji. Akamfuta kwa upindo wa kanga, akamlaza katika tenga lenye majani makavu karibu na mafiga apate joto, akamwekea mchicha na uyoga. Kobe hakula. Akamgonga gamba kwa ukucha ili aamke, akamsogezea jani mdomoni, akalisukuma kidogo. Kobe akazidi kunuka, na Somoe akazidi kumkausha.

Sikudhani alikuwa amepelekwa na baba yake ng'ambo ya mto kusaidia kubeba fito, wakalala huko. Waliporudi, macho ya kobe yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya miguu imesinyaa. Mtoto alimtazama kobe, akamtazama Somoe. Alimchukua akamrudisha kwenye beseni, na tangu siku hiyo beseni likawa linakwenda anakokwenda yeye, hata akienda kuteka maji. Shikamoo ya asubuhi ikawa ya kunong'ona. Somoe alikaa jikoni akalia, na Matimbwa alipomuuliza, akasingizia moshi.

Mpunga ukaanza kutoa masuke, na watu wa Nyamtembwe wakahamia kwenye madungu. Dungu ni kibanda kinachojengwa juu ya nguzo katikati ya shamba, unapanda kwa ngazi, unakaa huko mchana kutwa kufukuza ndege wasiumalize mpunga. Kazi hiyo ni ya wanawake na watoto. Ikawa Somoe na Sikudhani wako juu ya sakafu moja ya fito, na beseni kati yao, hakuna pa kukimbilia. Somoe alikuwa akisuka ukili wa mkeka, mtoto akitupa mawe kwa kombeo, na maneno yalikuwa ya ndege tu, wako huku, wako kule.

Kuinuka na kukaa siku nzima kukamtia Somoe maumivu ya kiuno. Siku moja jua likiwa limepanda akashindwa kuketi, akajilaza kifudifudi juu ya fito, uso wake ukawa sawa na ukingo wa beseni. Hakuwa na nia ya kumtazama kobe. Alikuwa ameshakata tamaa naye. Lakini akiwa pale chini, ametulia kwa sababu kila akijitikisa kiuno kinamchoma, akamwona kobe akipanda juu ya jiwe. Kichwa kikatoka, kisha shingo ikafuata, na shingo ile haikuisha upesi, ikakunjuka ndefu yenye madoadoa, mdomo ukiwa kama unatabasamu. Kisha mnyama akanyoosha miguu ya nyuma yote miwili, akatanua vidole, akafumba macho.

Somoe akaona roho inamtoka yule kobe. Akainua mkono ili amshike, na kobe akatumbukia majini papo hapo.

"Hafi," akasema Sikudhani. "Anaota jua."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Somoe yasiyokuwa salamu wala ndege. Somoe akaogopa hata kugeuza kichwa. Akabaki vilevile kifudifudi, akaongea na beseni.

"Kwetu milimani hakuna kobe wa namna hii," akasema. "Mimi nilidhani anaoza. Alikuwa ananuka."

"Alikuwa anaogopa. Akishikwa ananuka, ili umwachie."

"Na mchicha aliukataa."

"Nje hawezi kumeza. Mpaka kichwa kiwe majini. Tena anataka nyungunyungu na viluwiluwi."

Somoe akafikiri habari ya lile jani alilomsukumia mdomoni, akaona aibu. Akauliza kwa nini basi hununa, kwa nini hugeuza uso mtu akimjia kwa wema.

"Hanuni," mtoto akasema. "Shingo yake haiingii ndani, inalala ubavuni tu. Halafu anakutazama kwa jicho moja. Hajui kama ni wema. Huko mtoni kila kinachomjia kutoka juu kina mdomo. Korongo, mwewe. Wewe ukisimama unakuwa korongo."

"Na mbona leo amekunjua shingo?"

"Kwa sababu umelala."

Ndege wakatua upande wa pili wa shamba, na Sikudhani akainuka na kombeo lake. Somoe akabaki pale pale. Hakuwa akimfikiria kobe tena. Alikuwa akijiona yeye mwenyewe, mwanamke mrefu wa milimani, amesimama mbele ya mtoto na tonge mkononi, akilishusha kutoka juu. Na aliuona uso ule uliolazwa begani, na lile jicho moja, ambalo siku zote alilihesabu kuwa ni la kiburi.

Tangu hapo akabadili mwendo. Jioni alipakua chakula akakiweka mahali pamoja tu, pembeni ya mlango, kisha akakaa chini kwenye kipande cha mkeka na kumpa mtoto ubavu, si uso, akaendelea kusuka ukili wake. Hakuita wala hakubembeleza. Majirani waliopita waliona na kutikisa vichwa, wakasema yule mama ameshachoka kulea. Siku za kwanza sahani ilibaki pale mpaka ikapoa. Kisha ikawa inatoweka na kurudi tupu, anaikuta pale pale. Baadaye ikawa haiendi nyuma ya nyumba, inaishia kwenye kona ya ukuta, na Somoe aliweza kusikia mtu akitafuna. Alitamani kugeuka kuliko alivyotamani maji katika kiangazi. Hakugeuka. Asubuhi alichimba nyungunyungu akawaacha kwenye kifuu kando ya beseni, na kobe akanenepa.

Lakini mpunga haumngoji mtu. Ukaiva, ukavunwa, ukatwangwa, na Sikudhani alikuwa bado hajala mbele ya Somoe hata tonge moja. Habari ikafika kule mto unakogawanyika, na Bi Siyawezi akaja na wadogo zake wawili. Walikuja na kikapu kitupu chenye kifuniko, cha kutilia nguo za mtoto. Hawakukificha. Walikiweka mlangoni, na Somoe akakiona alipokuwa akiwapa maji ya kunywa.

Wali mpya ukapikwa, mchuzi wa kambale ukaungwa kwa nazi. Wanawake wakaketi mkekani ndani, Matimbwa akabaki nje akijifanya anatengeneza mgono ambao haukuwa umeharibika. Mtoto akaketishwa katikati, sahani ikawekwa. Somoe akanawa mikono.

"Haya wifi," akasema Bi Siyawezi. "Mmegee mwenzio tuone."

Somoe akamega tonge, akaliviringa, akamtazama Sikudhani. Uso ulikuwa umeshalala begani. Alijua kwamba siku ile akilisogeza lile tonge, huenda mtoto angefungua mdomo. Walikwishazoeana kidogo, na mtoto hakuwa na moyo mgumu, angeweza kumeza kwa huruma, kama mtu amezavyo dawa chungu. Shangazi angeridhika na kikapu kingerudi kitupu. Somoe alilitaka sana jambo hilo. Kisha akalirudisha tonge sahanini, akaisogeza sahani karibu na goti la mtoto, akajivuta nyuma na kugeuka, uso wake ukaelekea ukutani.

"Mimi simpi, wifi," akasema. "Chakula chake hicho hapo. Nanyi nawaomba mgeuke, mtazame ukuta."

"Tumetoka mbali kuja kumtazama mtoto," akasema Bi Siyawezi. "Ukuta hata kwetu upo."

"Ndiyo maana hali. Kila mtu amekuja kumtazama."

"Na asipokula?"

Somoe hakuutoa uso ukutani.

"Utamchukua. Desturi ya watu siivunji. Lakini shingo ya kobe haivutwi, wifi. Hungojwa."

Bi Siyawezi hakujua kobe ametoka wapi. Akataka kujibu, na alikuwa na jibu, yule hakukosa jibu maishani mwake. Lakini akamtupia jicho mtoto kwanza, akauona ule uso begani. Akakumbuka kwamba siku ya msiba alimkuta mtoto huyu huyu kakaa vivi hivi, na yeye akamshika kidevu akamgeuza ili amfute machozi, na mtoto akapiga ukelele. Jibu lake akaliacha. Akajiinua kidogo, mtu mzima mwenye mwili wake, akajizungusha juu ya mkeka mpaka akaelekea ukutani. Wadogo zake wakatazamana, wakageuka nao.

Wakakaa hivyo, wanawake wanne wamepangana kama wanaongoja kusukwa nywele, wakiutazama udongo. Hapakuwa na sauti ila ya Matimbwa nje akigonga mgono wake, naye baada ya muda akaacha kugonga. Somoe alisikiliza mpaka masikio yakamuuma na hakusikia kitu. Akaanza kukifikiria kile kikapu, na gauni lipi litaingia kwanza, na jinsi atakavyorudi jikoni na kukuta chungu kina ukoko mzima. Akajiambia kwamba hata hivyo hatageuka. Machozi yakamtoka, na safari hii moshi haukuwapo wa kusingiziwa.

"Amekula?" Bi Siyawezi akanong'ona.

"Sijui, wifi. Na mimi nimegeuka."

Halafu nyuma yao, karibu sana kuliko walivyotazamia, ikasikika sauti ya mtu anayeongea na mdomo umejaa.

"Mama, niongeze mchuzi."

Somoe alipokea sahani kwa kupeleka mkono nyuma, akamimina mchuzi bila kuona vizuri, nusu ukaingia sahanini na nusu ukanywewa na mkeka. Akairudisha vilevile. Mmoja wa wale wadogo, aliyekuwa mtu wa kushika sheria, akaanza kusema kwamba tonge halikupokewa kutoka mkononi, na desturi inasema lipokewe kutoka mkononi.

"Nyamaza," akasema Bi Siyawezi. "Tazama ukuta."

Wakautazama mpaka mtoto alipomaliza, akanawa, akaenda zake uani kumtazama kobe wake. Ndipo shangazi akageuka. Sahani ilikuwa nyeupe. Akaitazama kitambo, akaomba na yeye apakuliwe, maana njaa ilikuwa inamuuma tangu njiani.

Walipokuwa wakiondoka, jirani aliyetoa ushauri wa kidevu alisimama penye ua akakiona kikapu kinatoka kitupu. Akauliza imekuwaje, Somoe amemfanya nini mtoto hata akala. Bi Siyawezi akakiweka kikapu kichwani, akajibu huku anatembea, na jibu lake likashuka naye mto, likapita kijiji kwa kijiji, mpaka likafika kwetu.

"Hakumfanya kitu," akasema. "Shingo ya kobe haivutwi, hungojwa."